Upendo Usiochagua Mtu

Katika mazungumzo haya twataka kusema habari ya jambo ambalo watu wote hulisifu na wachache hulitenda, nalo ni kumpenda kila mtu pasipo kumwekea sharti. Mifano yetu tutaitoa hasa katika nchi ya Karagwe, pamoja na Kyerwa, ambayo ilikatwa kutoka Karagwe na kufanywa wilaya yake yenyewe mwaka wa 2012. Twaichagua nchi ile iliyo kando ya mto Kagera kwa sababu imepimwa sana katika jambo hili.

Ukimwuliza mtu ye yote, "Je, yatupasa kuwapenda watu wote?" atajibu, "Ndiyo." Mkristo atajibu hivyo, na Mwislamu atajibu hivyo, na babu zetu walikuwa na methali zao zenye maana hiyo hiyo. Maneno "watu wote" ni mepesi kuyatamka, maana watu wote hawana uso, wala hawana ng'ombe waingiao katika shamba letu. Shida huanza tunapotajiwa mtu mmoja kwa jina lake: jirani aliyesogeza mpaka wa kibanja, shemeji aliyekopa fedha akakana deni, mgeni asiyejulikana atokako. Hapo ndipo mtu husema, "Nitampenda, lakini kwanza na aombe radhi," au, "Nitampenda, lakini kwanza nijue kwao ni wapi." Neno hilo "lakini kwanza" ndilo sharti lenyewe, nalo ndilo twataka kulichungua leo.

Hatusemi kwamba upendo wenye sharti ni mbaya. Zamani watu wa Karagwe na Buhaya walikuwa na desturi iitwayo omukago, yaani undugu wa kuchanjiana. Watu wawili wasio wa ukoo mmoja walichanja chale, wakapaka damu katika buni za kahawa, na kila mmoja akala buni yenye damu ya mwenzake. Tangu siku ile walihesabiwa ndugu. Tena buni ilikuwa mfano mzuri, kwa kuwa katika tunda moja la kahawa hukaa punje mbili zimeelekeana. Mtu aliyekuwa na ndugu wa namna hiyo katika nchi ya mbali hakukosa pa kulala wala pa kukimbilia wakati wa njaa. Walakini desturi hiyo ilikuwa mapatano: wewe kwangu, nami kwako. Upendo wa ukoo nao una mipaka yake. Basi asiye wa ukoo wetu, wala hakula buni pamoja nasi, tutamfanyaje? Swali hili lilifika mlangoni pa Karagwe zaidi ya mara moja.

Mwezi wa Novemba, mwaka wa 1861, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Bweranyange, makao ya Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Walikuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile. Huko nyuma walikotoka, watawala wengi waliwazuia njiani na kuwatoza hongo nyingi. Rumanyika aliwapokea kwa chakula na kwa maneno mazuri. Mwezi wa Januari 1862 Speke aliendelea na safari kwenda Buganda, lakini Grant hakuweza kufuatana naye, kwa maana mguu wake ulikuwa na jeraha baya, hata kutembea hawezi. Akaachwa Karagwe katika ulinzi wa mfalme, akakaa mpaka Aprili, naye alipoondoka alichukuliwa na watu juu ya machela. Muda wa miezi ile alikula chakula cha wenyeji, na wenyeji wakajaribu dawa zao juu ya mguu wake. Baadaye Grant aliandika kitabu cha safari yake, kilichopigwa chapa mwaka wa 1864, na humo amemtaja Rumanyika kwa heshima.

Hata hivyo, tusimfanye Rumanyika kuwa malaika. Alikuwa na ugomvi mkubwa na ndugu yake, jina lake Rogero, juu ya ufalme, naye alitumaini kwamba wageni wale wangempa dawa ya kumwangamiza. Hapa yako mambo mawili ya kujifunza. Kwanza, wema wa wanadamu huchanganyika na haja zao, kama mchele uchanganyikavyo na chuya. Mwenye akili hautupi mchele kwa ajili ya chuya, bali huupepeta. Mgonjwa aliyelala hawezi kumsaidia mfalme vitani, lakini aliendelea kutunzwa. Basi huo ndio mchele. Pili, mtu aweza kumpenda aliyetoka mbali sana, na huku akashindwa kumpenda ndugu yake mwenyewe. Jina la mfalme huyo limebaki hata leo katika Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka wa 2019. Tukilisikia jina hilo tukumbuke yote mawili, mgeni aliyetunzwa na ndugu aliyechukiwa, kwa sababu katika nyumba zetu wengi wetu tuko hivyo hivyo.

Sasa tuje karibu zaidi. Mwezi wa Aprili 1994 mauaji ya kimbari yalianza katika nchi ya Rwanda. Mwishoni mwa mwezi ule, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, kusini ya Karagwe. Wengine walivuka mto wakaingia Karagwe yenyewe, na kambi zikafunguliwa Chabalisa, Kagenyi na mahali pengine. Lakini kambi haijengwi kwa siku moja, wala malori ya chakula hayafiki siku ile ile mgeni afikapo. Katika siku zile za kwanza, aliyemkuta mgeni kwanza alikuwa mwanakijiji. Ndizi zilikatwa katika migomba ya mtu ambaye mwenyewe ana watoto. Maji yalitekwa katika kisima kilichokuwa kikitosha kijiji kimoja tu.

Baadaye taabu ilizidi. Miti ilikatwa kwa kuni na kwa kujengea, visima vikachafuka, mazao yakaibwa mashambani. Ni kweli kwamba wengine walipata faida, maana kulikuwa na soko la kuuza ndizi na kazi katika kambi. Lakini mwenye shamba lililovunwa usiku hakupata faida hiyo. Hapa ndipo twaona tofauti iliyopo kati ya huruma na upendo. Huruma huja siku ya kwanza, tukiona mtoto analia. Upendo hujulikana siku ya mia, tukiona muhogo umeng'olewa, na mtoto yule yule yungali analia. Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni wa kambi hana shamba la kulima, na siku zake hazikuwa tatu. Wale wa Rwanda walikaa mpaka Desemba 1996, waliporudishwa kwao.

Jambo jingine la mwaka ule wa 1994 twalitaja kwa uchungu. Mto Kagera, ulio mpaka wa Karagwe na Kyerwa upande wa magharibi, ulichukua maiti za watu waliouawa. Ziliteremka na maji mpaka Ziwa Victoria, na nyingi zikatupwa na mawimbi kwenye pwani za ziwa upande wa Uganda. Wavuvi na wanakijiji wa huko waliziopoa, wakazizika. Katika makaburi ya Kasensero, Lambu na Ggolo wamezikwa watu zaidi ya 10,000. Hakuna aliyejua majina yao. Hakuna aliyejua kabila lao, wala dini yao, wala kama walikuwa watu wema au wabaya walipokuwa hai. Twasema, tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Na hapa ndipo methali hiyo ilipotimia yote, maana maiti haishukuru, wala haitarudi siku moja kumlipa aliyeizika. Mwanafunzi akituuliza, "Mwalimu, upendo usio na sharti ni nini?" twaweza kumwonyesha kaburi moja la pwani ile, na lingemtosha kuwa jibu.

Lakini najua, wasikilizaji, wako miongoni mwenu ambao tangu hapo mnalo swali, nalo ni swali la haki. Katika wale waliovuka mto wakiwa hai, hawakuwamo wauaji? Walikuwamo. Mfano mmoja wajulikana na dunia nzima. Sylvestre Gacumbitsi alikuwa mkuu wa wilaya ndogo ya Rusumo, ng'ambo ya mto, mahali ambapo maelfu ya watu waliokimbilia kanisa la Nyarubuye waliuawa mwezi wa Aprili 1994. Naye alivuka akaingia Tanzania katika mkumbo wa wakimbizi. Akakaa katika nchi hii miaka mingi, mpaka alipokamatwa mwaka wa 2001. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu mwaka wa 2004 kifungo cha miaka 30, na mwaka wa 2006 mahakama ya rufani ikamhukumu kifungo cha maisha.

Basi, yule aliyewapa maji watu waliovuka, je, alikosa? Sisi twasema hakukosa. Mtu asimamaye njiani na kata ya maji mkononi hawezi kuona damu iliyooshwa. Angesema, "Sitampa mtu maji mpaka nijue alilotenda," wangalikufa kwa kiu watoto maelfu ambao hawakutenda neno, na muaji angalikunywa penginepo. Kazi ya kutoa maji ni kazi ya mwenye kata. Kazi ya kuhukumu ni kazi ya hakimu aliyewekwa, mwenye mashahidi na muda wa kusikiliza. Taabu huja tunapozichanganya kazi hizi mbili. Tukifanya kisima kuwa mahakama, twawanyima maji wasio na hatia. Tukifanya mahakama kuwa kisima, twawaachilia wenye hatia.

Kwa hiyo kumpenda mtu pasipo sharti si kumficha mwizi, wala si kunyamaza mbele ya uovu. Mwanamke apigwaye na mumewe hakuambiwa na upendo akae kimya mpaka auawe. Na aende kwa wazazi, kwa wazee, kwa serikali. Mtoto anayedhulumiwa na mtu mzima na aseme. Aliyeshuhudia uovu na atoe ushahidi, kama walivyotoa wale waliokwenda Arusha. Tofauti ni hii: mwenye kisasi humpeleka mtu mahakamani ili aangamie, na mwenye upendo humpeleka ili uovu ukome, na hata akiwa amefungwa, humhesabu kuwa mtu. Ni neno gumu sana. Hatutaki kuwaambia wale waliofiwa na jamaa zao wote kwamba ni rahisi. Twasema tu kwamba njia iko, nayo haipiti mbali na haki.

Tena lilikuja jaribu jingine, nalo lilikuwa kinyume cha lile la kwanza. Mwaka wa 1994 watu waliulizwa, "Mtampokea asiye wenu?" Mwaka wa 2013 waliulizwa, "Mtamwagaje aliyekwisha kuwa wenu?" Mwezi wa Julai mwaka ule Rais Jakaya Kikwete aliwaamuru watu waliokaa Kagera bila kibali waondoke katika muda wa majuma mawili, na mwezi wa Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu ya watu waliondoka kwenda Rwanda, Burundi na Uganda. Baadhi yao walikuwa wamekaa miaka mingi, wameoa na kuolewa, wamepanda migomba na kufuga ng'ombe.

Mazungumzo haya si ya siasa. Nchi ina sheria zake juu ya mipaka, na kuziangalia ni kazi ya serikali. Lakini baina ya sheria na mtu yuko jirani, na jirani ana kazi yake ambayo sheria haikumwandikia. Siku mtu anapoondolewa, jirani yake aweza kumnunulia ng'ombe kwa bei ya haki au kwa bei ya kumnyang'anya. Aweza kumtunzia vyombo vyake au kuvigawa kabla vumbi la safari halijatua. Aweza kunyamaza kwa heshima, au kumwimbia nyimbo za kumcheka. Tena liko jambo baya kupita yote, nalo ni kumtaja mtu kuwa mgeni kwa sababu ya kukitamani kibanja chake. Katika siku kama zile hakuna askari awezaye kuona moyo wa mtu atoaye habari. Huona mwenyewe na Mungu wake. Basi hapo upendo ni kuuzuia ulimi, ingawa hakuna atakayejua kwamba uliuzuia.

Haya yote tumeyasema ili tufike katika kazi yetu wenyewe ya kila siku. Sisi tunaofundisha walimu twajua kwamba mtoto hajui kuandika kwa sababu aipenda kalamu. Mtoto huanza kwa kupiga mistari, mstari baada ya mstari, na mkono wake huchoka. Baada ya miezi mingi mkono hujua njia, na hapo ndipo akili huwa huru kuandika maneno yenye maana. Upendo nao ni hivi hivi. Wengi hungoja moyo upende kwanza, ndipo mkono utende. Nao hungoja mpaka wafe. Sisi twasema mkono na uanze, moyo utafuata nyuma. Kwa hiyo twataja mazoezi manne, ambayo mtu wa kijijini aweza kuyafanya pasipo fedha.

Zoezi la kwanza ni salamu. Mtaje moyoni mtu mmoja usiyependa kukutana naye, kisha siku utakapomwona umtangulie kwa salamu, kwa sauti ile ile umsalimiayo rafiki. Asipoitikia, usihesabu. Kesho msalimu tena. Salamu yako haikuwa deni, hata uidai.

Zoezi la pili ni ulimi. Kwa siku saba usimseme mtu ye yote asipokuwapo, ila neno ambalo ungelisema akiwapo. Wanafunzi, ninyi hasa jaribuni zoezi hili. Mtaona siku ya kwanza ilivyo ndefu.

Zoezi la tatu ni mkono. Kila juma mtendee jambo moja jema mtu asiyeweza kukulipa, na usilitangaze. Mpalilie mjane mstari mmoja wa maharage. Mchotee maji mzee asiye na mtoto. Ukiona moyo wako wauliza, "Mbona hakushukuru?" furahi, maana umekwisha kuuona ugonjwa wenyewe, na zoezi hili ndilo dawa yake.

Zoezi la nne ni la usiku. Kabla ya kulala, kila mtu kwa dini yake, mwombee heri mtu aliyekuudhi mchana. Usimwombee abadilike tu. Mwombee watoto wake wapone, na shamba lake lizae. Siku za kwanza maneno yatatoka mdomoni tu, nawe utajiona mnafiki. Usiache kwa sababu hiyo. Mstari wa kwanza wa mtoto nao huwa umepindika.

Labda mtu atasema, "Nikifanya hivi, watu wataniona mjinga, nao watanila." Wengine watakudhani mjinga, ni kweli. Lakini upendo hauwakatazi watu kufunga mlango usiku, wala haumwambii mtu amkopeshe fedha mara ya tano asiyelipa mara nne. Waweza kumnyima fedha na usimnyime heshima. Waweza kumshitaki ng'ombe wake alipokula mtama wako, na bado ukaenda kumzika mama yake. Watu wa vijijini wanayajua haya kuliko walioko mijini, kwa maana kijijini huwezi kumkimbia adui yako. Mwatumia njia moja na kisima kimoja, na siku ya msiba atakayekuja kuchimba kaburi ni yeye.

Wasikilizaji wetu, mto Kagera ungali unapita. Siku zijazo utaleta watu wengine mlangoni petu, wengine wakikimbia vita na wengine njaa, na siku nyingine labda sisi ndio tutakaovuka kwenda kwao tukiomba maji. Hakuna aijuaye siku hiyo, na siku hiyo ikifika haitatupa nafasi ya kujifunza. Mwenye kuzoea kumsalimu jirani aliyemkosea atajua la kufanya atakapomwona mgeni amesimama uani. Asiyezoea ataanza kuuliza maswali, na mgeni ataanguka kabla hajayamaliza. Basi tuanze leo, na tuanze na yule aliye karibu.